Tripu 68 au tripu 3: kisa cha udongo wa dizeli kwenye kiwanja cha mjomba, Mtwara

Kontrakta alikuja asubuhi, akazunguka kiwanja kama dakika 20, akachokonoa ardhi kwa nondo sehemu tatu, akanusa ile nondo, akafuta mkono kwenye suruali akasema mzee hii yote imekunywa dizeli, dawa yake ni kuchimba yote itoke. Akapiga hatua, 30 huku, 20 huku, kina mita 2. Yaani mita za ujazo 1,200. Mjomba akaniangalia mimi, maana mimi ndio niliwahi kushika oga (ile fimbo ya chuma ya kutoboa ardhi na kutoa udongo) kwenye kazi za kupima udongo wa barabara, na kwenye ukoo wetu ukishagusa kitu mara moja basi wewe ndio mtaalamu wa hicho kitu mpaka unakufa.

Nikamwambia ngoja kwanza mjomba tupige hesabu. Mchanga wetu huu wa pwani ukiwa umetulia ardhini, mita moja ya ujazo inacheza kwenye tani 1.7, kwa hiyo 1,200 ni kama tani 2,040, na lori la kubeba tani 30 hapo ni tripu 68. Tena sio tripu za kwenda Naliendele ukarudi ukala mchana nyumbani. Udongo wenye mafuta ni taka hatarishi, unapelekwa kwa mtu mwenye kibali cha kuupokea, na aliyekubali kutupa bei alikuwa Dar, kilomita zaidi ya 500 kutoka hapa. Halafu lile shimo lazima lijazwe, unanunua kifusi safi ujazo ule ule. Mjomba alikaa chini juu ya tofali. Kiwanja alikinunua ajenge maghala ya kukodisha msimu wa korosho, sasa gharama ya kukisafisha ilikuwa inaelekea kukipita bei kiwanja chenyewe.

Kiwanja kipo upande wa Reli (wageni wakija Mtwara wanauliza reli yenyewe iko wapi, haipo, iling'olewa zamani mwanzoni mwa miaka ya 60, ilikuwa ya ule mradi wa karanga wa Waingereza uliofia njiani, limebaki jina la kata). Enzi hizo kabla ya umeme wa gesi ya Mnazi Bay kila mwenye biashara ya maana alikuwa na jenereta lake, na hapa palikuwa na ghala, jenereta kubwa na tangi la dizeli limezikwa chini. Mwenye mali wa kwanza alishafariki, watoto wakauza, aliyenunua akauza tena, ikafika kwa mjomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mchafuzi ndiye alipe, sawa, lakini mchafuzi yuko makaburini na hati ina jina la mjomba.

Kitu cha kwanza tulichofanya hakikugharimu hata mia. Kuna mzee alikuwa mlinzi pale miaka mingi, anakaa Magomeni, nikamfuata jioni na kilo mbili za sukari. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, kaa. Nikamwambia shida yangu, akacheka, akachukua kijiti akachora pale pale kwenye mchanga mbele ya baraza: ghala hili hapa, mlango unatazama bahari, jenereta lilikuwa kwenye mwembe, tangi lilikuwa huku nyuma mbali na jenereta, bomba likapita hivi mguu kwa mguu na ukuta. Akaniambia na mengine ambayo hakuna mashine ingenipa. Kwamba fundi wa jenereta akibadilisha oili alikuwa anamwaga pale pale chini ya mwembe, kwamba mwaka mmoja tangi lilikuwa linaisha haraka mpaka wakamshuku yeye mlinzi kwamba anaiba (bado linamuuma), kwamba zamani waliuza na petroli ya kwenye mapipa, na kwamba kona ya ghala karibu na mlango walikuwa wanapanga mifuko ya salfa ya mikorosho, ikipasuka wanafagia nje. Hayo mambo manne niliyaandika kwenye simu. Lile la tangi kuisha haraka lilimaanisha tangi lilivuja chini, sio kumwagika juu. La salfa niliandika tu kwa kuandika, sikujua litakuja kutupiga baadaye.

Nikafungua na zile picha za setilaiti za zamani kwenye kompyuta, zile unazorudisha miaka nyuma, mwembe unaonekana, paa la ghala linaonekana, na doa jeusi karibu na mwembe. Mchoro wa babu ulikosea kama mita 2 tu.

Sasa hapa ndio tulifanya ujinga wetu wa kwanza. Mjomba alikuwa na haraka, kuna kijana akamwambia nipe ndoo moja nikupimie, akachota udongo sehemu 5 za kiwanja akachanganya kwenye ndoo moja akajaza chupa moja, ikaenda maabara. Jibu likarudi miligramu 1,300 za mafuta ya jamii ya dizeli kwa kila kilo ya udongo. Kiwango ambacho baadaye mshauri alikipendekeza kwa kiwanja chetu na kikakubaliwa kilikuwa 1,000 (cha kwetu tu hicho, kinategemea unajenga nini juu, maji yako wapi, usije ukakiazima kwa kiwanja chako). Kwa hiyo kwa karatasi ile moja kiwanja kizima ni kichafu, na kontrakta akaipenda sana ile karatasi.

Nikarudi kwenye zile sehemu 5, nikachukua kila moja chupa yake. Nne zilitoka kwenye 100 hivi, udongo ambao hauna shida yoyote, na moja 6,100. Jumlisha gawa kwa 5 uone inakuja ngapi. Yaani chota moja chafu kweli kweli ilipaka uchafu wenzake wanne. Na ubaya wa mchanganyiko unakata pande zote mbili, ile chota mbaya ingekuwa 4,000 tungepata wastani chini ya 1,000, tungeshangilia, tungejenga ghala juu ya dizeli. Sisemi kuchanganya sampuli ni kosa siku zote, kwenye lundo lililokwisha kugeuzwa-geuzwa inafaa na inaokoa hela. Ila kwenye ardhi ambayo hujui uchafu umekaa wapi, unalipia maabara ikufiche jibu.

Baada ya hapo tukatafuta mshauri mwenye usajili, tukapita ofisi ya kanda ya NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, ipo hapa hapa Mtwara, tukaeleza tunachotaka kufanya kabla hatujafanya. Watu wanaogopa hiyo hatua wanadhani watafungiwa saiti. Kwetu ilisaidia, kwa sababu mpango wa sampuli ukishakubaliwa kabla, majibu yakija hakuna mtu wa kukwambia rudia.

Mshauri alileta bei ya vipimo yenye orodha ndefu, vitu zaidi ya 40 kwa kila chupa. Mjomba akataka kumfukuza. Nikamwomba dada wa watu akae chini tupitie mstari kwa mstari kila kimoja anieleze kwa nini, na yeye wala hakukasirika, nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. PCB, hizo ni kemikali za mafuta ya transfoma za zamani, hapa hapakuwa na transfoma, toa. Metali nzito zote 13, kwa nini, abaki risasi peke yake, maana babu kasema waliuza petroli ya mapipa na petroli yenye risasi huku kwetu kusini mwa Sahara iliondolewa sokoni mwishoni mwa 2005, ya mapipa yale ni ya kabla ya hapo. Benzini na ndugu zake wale wanaoruka kwa mvuke, tupime kwenye sampuli chache zinazonuka zaidi, dizeli ya miaka mingi haina nyingi. Viuatilifu, hapa nilitaka kukata akanikatalia, akasema ghala la korosho lenye salfa linaweza kuwa na dawa nyingine pia, tubakishe sampuli 2 za kona ile. Alikuwa sahihi kung'ang'ania ingawa hazikutoka kitu. Akaongeza moja ambayo mimi sikuiona ina kazi gani, pH, ile ya kupima asidi ya udongo (7 ni katikati, ukishuka chini yake ndio asidi), na kwa kuwa ni kipimo cha bei ya chai nikasema weka.

Tukapiga gridi. Eneo la kontrakta la 30 kwa 20 tukaligawa vyumba vya mita 5 kwa 5, vinakuja 24. Kila chumba oga inashuka, unachukua kwenye nusu mita, mita 1, mita 1 na nusu, mita 2. Hizo ni sampuli 96. Ukizipeleka zote maabara umefilisika, kwa hiyo nyingi zinaishia saitini. Mshauri alikuwa na kile kifaa cha kunusa mvuke, kizuri sana kwa petroli, kwa dizeli kinasinzia kwa sababu dizeli hairuki hewani kirahisi hasa ikizeeka. Kilichotufanyia kazi ni chupa ya kioo, udongo kijiko viwili, maji safi, tikisa, weka juani. Ukiona utando wa rangi rangi unaelea, kuna mafuta. Ukiona maji yametulia tu mchanga umekaa chini, andika safi kwa kuanzia. Vijana wawili wa mtaani walikuwa wanatikisa chupa kutwa nzima kama wauza juisi, watoto wamejaa ukutani wanaangalia.

Kutoka kwenye 96 tukachagua 22 za kwenda maabara, na uchaguzi ndio ujanja wenyewe. Hatukupeleka zile zinazonuka mpaka machozi, hizo tunajua jibu, tukapeleka chache tu za kujua ukali. Nyingi zilikuwa za mpakani, chumba ambacho utando ni mwembamba, kina ambapo chafu inageuka safi, kwa sababu ni pale kwenye mpaka ndipo unapoamua lori libebe au lisibebe. Na tukaweka chache kutoka vyumba safi kabisa kuthibitisha kwamba macho yetu hayadanganyi. Chupa za kioo, zimejaa mpaka mdomoni zisibaki na hewa, zikaingia kwenye deli la samaki lenye barafu, basi la usiku, karatasi ya makabidhiano imesainiwa na kila aliyeshika. Joto la huku ukiacha chupa kwenye buti la gari siku nzima mvuke unapotea na jibu linakuja zuri kuliko ukweli. Kuna siku 14 za kuanza kuzichakata tangu kuchukuliwa, wengine wanasubiri zijae kreti ndio watume, usifanye hivyo.

Majibu yalipokuja tuliyapaka rangi kwenye mchoro wa vyumba 24. Vyumba 18 havikuwa na kitu cha kutusumbua. Vyumba 3 vya nyuma ndio tangi, vyumba 2 vya kwenye mwembe ndio jenereta, na mstari mwembamba wa bomba ukipita chumba cha kati kati yao. Hapo sasa kina ndio kilinishangaza. Kwenye mwembe sentimita 40 za juu nyeusi, chini yake safi, ile oili nzito ya fundi haikushuka. Kwenye tangi ni kinyume chake, mita 1 ya juu safi kabisa unaweza kupandia mchicha, halafu kuanzia mita 1 kwenda chini chafu, na pale mita 2 ambapo kontrakta alitaka kusimama bado ilikuwa chafu. Tukaongeza fimbo ya oga, tukashuka mpaka mita 3, hapo tukakuta tabaka la mfinyanzi wa kijivu limeizuia dizeli, sampuli ya ndani ya mfinyanzi ikatoka safi.

Fikiria kidogo hilo. Kontrakta angetoa tripu 68, nyingi zake udongo safi, na angefukia mita nzima ya dizeli chini ya msingi wa ghala. Watu wengi nikiwasimulia wanashika lile la kupunguza tripu tu, lakini mimi hili la pili ndilo linanikosesha usingizi, kwamba unaweza kulipa pesa yote ile na bado usiwe umesafisha. Mchanga wa pwani haushiki mafuta mepesi kama dizeli, yanashuka wima kama maji kwenye kikapu mpaka yakutane na kitu cha kuyazuia, kwa hiyo kunusa juu juu hakukwambii chochote.

Hesabu mpya: vyumba 3 vya tangi, kila kimoja mita 25 za mraba, kina mita 2 za uchafu, 150. Mwembe vyumba 2 kwa sentimita 40, 20. Bomba mita 12 kwa 1 kwa nusu, 6. Jumla mita za ujazo 176, tani kama 300, tripu 10. Kutoka 68.

Kuhusu risasi, kubwa kuliko zote ilitoka miligramu 38 kwa kilo. Huko Marekani wana kipimo cha kuchuja, unatikisa udongo kwenye maji yenye asidi masaa 18, maji mara 20 ya uzito wa udongo, halafu unapima kilichotoka, na risasi ikizidi miligramu 5 kwa lita udongo unaingia daraja la hatarishi. Sasa kama maji ni mara 20, basi hata risasi yote ikitoka, udongo wenye chini ya 100 kwa kilo hauwezi kufika 5. Kwa 38 mshauri akasema kipimo cha kuchuja hatukihitaji, tukaandika hiyo sababu kwenye ripoti, ikakubalika. Kipimo kimoja cha bei ndogo kikafuta cha bei kubwa. Mambo kama haya ndio nikaona thamani ya kukaa na mtu anayejua badala ya kununua paneli nzima.

Sasa siku ya kuchimba. Nilijua ramani, mshauri alijua ramani, dereva wa skaveta hakuijua, na hakuna aliyemwambia kwa maneno yake. Tulipanga mita 1 ya juu ya tangi, ile safi ya mchicha, iwekwe kushoto, ya chini iwekwe kulia kwenye nailoni nzito. Mimi nikaenda kununua mafuta ya mashine, narudi nakuta mwamba anamwaga kila kitu lundo moja, kushoto, anapiga na mluzi. Kwa kukadiria mita 30 za udongo safi zilikuwa zimeshageuka chafu mikononi mwetu, tumezilipia kuzipima halafu tukazichafua wenyewe. Nilifoka, halafu nikajionea aibu kwa sababu kosa lilikuwa langu, mchoro wa rangi ulikuwa mfukoni kwangu. Kesho yake tukapigilia vigingi vyenye kamba nyekundu na nyeupe na kijana mmoja akawa na kazi ya kusimama tu na kunyoosha kidole.

Na huo ujanja wa kuchanganya chafu na safi kwa makusudi ili wastani ushuke, kuna mtu aliutaja pale saitini kwa sauti ya chini. Hapana. Ni udanganyifu, na kihesabu ni ujinga, unatengeneza mzigo mkubwa zaidi.

Jioni akaja jirani na pikapu. Shikamoo mjomba, naona mnatoa kifusi, mimi nina shimo pale nyuma linanisumbua mvua zikija, nisaidieni tripu mbili tatu hata bure nitabeba mwenyewe. Huku kwetu kifusi cha bure ni neema, ungemnyima bila kumwambia sababu ungekuwa adui. Mjomba akamchukua pembeni, akampa bonge moja la udongo mchafu alinuse, jirani akalirusha akasema mungu wangu na mimi nina kisima. Ndio kwanza tukajua ana kisima, mita kama 30 kutoka kwenye tangi, hakuna aliyetuambia. Tukaongeza sampuli ya maji ya kile kisima kesho yake, haikutoka kitu, ule mfinyanzi ulitulinda. Lakini hiyo ilitakiwa iwe sampuli ya kwanza kabisa, kabla hata ya udongo.

Baada ya kuchimba, chini na kwenye kuta za mashimo tukachukua sampuli 9 za kuthibitisha kabla ya kufukia. Ukuta mmoja upande wa bomba ukagoma, tukakwangua nusu mita zaidi, ukapita.

Mpaka hapo mjomba alikuwa tayari kulipa tripu 10 na kumaliza. Mimi na mshauri tukamuomba tugawe tena. Katika 176 zile, udongo uliolowa hasa, ule uliokuwa umelikumbatia tangi, zaidi ya 5,000, ulikuwa mita 45 tu. Huo ukaenda Dar na kibali chake, tripu 3, mwishoni mwa Septemba, tukiwahi kabla msimu wa korosho haujachanganya maana mnada ukianza lori huli­pati kwa bei ya kibinadamu. Zilizobaki 131, ukijumlisha na zile 30 za mpiga mluzi, 161, wastani wake ulikuwa kwenye 2,500, na dizeli ya kiwango hicho bakteria wa ardhini wanaila wenyewe ukiwapa hewa, unyevu na chakula. Mtwara joto la kuwafaa lipo mwaka mzima, huko Ulaya wanalipia kupasha lundo moto.

Tukatandika nailoni, tukapanga lundo la mita 8 kwa 20, kimo mita 1.2 (udongo ukichimbwa unafura, 161 inakuwa kama 193, panga nafasi mapema), pembeni tuta dogo la kuzuia maji yasitoke, juu turubai. Chakula chao kinakwenda kwa uwiano, kaboni 100 kwa naitrojeni 10 kwa fosforasi 1. Tani 274 zenye 2,500 ni kama kilo 680 za dizeli, humo kaboni kilo 580 hivi, kwa hiyo naitrojeni kilo 58, kwa urea ni mifuko 2 na nusu ya kilo 50. Mifuko miwili na nusu ya urea na fosfeti kidogo, dhidi ya tripu kama 9 za Dar. Tunageuza kila wiki mbili.

Wiki 6 tukapima. 2,400. Yaani hakuna kilichotokea, tofauti ya 100 hata maabara yenyewe inaweza kuikosea. Mjomba akaanza kuongea na kontrakta tena kwenye simu, namsikia. Usiku nikafungua karatasi za mwanzo nikakuta ile pH ya bei ya chai: 4.6, kona ya mlango wa ghala. Salfa ya babu! Salfa ya ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) ikikaa kwenye udongo kuna bakteria wanaigeuza kuwa asidi ya salfa, na mchanga wetu hauna nguvu ya kuipooza asidi, sisi tukauchanganya udongo ule kwenye lundo zima. Wale wa kula dizeli wanataka 6 mpaka 8. Tulikuwa tunawalisha urea watu wanaokaa kwenye siki.

Chokaa ya kilimo, tukachanganya kidogo kidogo tukipima kila baada ya siku chache mpaka ikasimama 6.8. Mwezi uliofuata 1,700. Mvua za Desemba zikaanza, turubai likachanika mara moja tukashona. Machi mwishoni tukagawa lundo vipande 8, kila kipande mchanganyiko wake (hapa ndio mchanganyiko una haki yake), kikubwa kuliko vyote kikatoka 820. Udongo ukarudi kwenye shimo ulilotoka, na kifusi cha kununua kikawa kile kidogo tu cha kuziba nafasi ya tripu 3.

Nimejumlisha risiti zote za chupa, za mwanzo 22, zile 9 za kuta, za lundo, kisima, hata ile ya kijana wa ndoo, pamoja na barafu, basi na posho ya watikisa chupa. Haikufika bei ya tripu 2 za lori. Nikiondoa nilichokosea, ndoo na mpiga mluzi na zile wiki 6 za siki, ingekuwa chini zaidi.

Kimebaki kitu kimoja hakijaisha. Ile sampuli ya mwisho ya bomba, pale linapopita chini ya ukuta kwenda upande wa barabara, ilitoka 900. Imepita kwa kiwango chetu lakini ni mpakani, na nje ya ukuta sio kwa mjomba tena, hatuna ruhusa ya kuchimba. Mshauri ameiandika kwenye ripoti kama ilivyo, tumekubaliana oga ishuke pale tena baada ya masika kwa ruhusa ya wenye barabara, na babu wa Magomeni nimemuuliza kama bomba liliishia ukutani au liliendelea, amesema atakumbuka, nirudi na sukari.